Windows, Linux au OpenBSD: seva ipi ni salama?

Wasomaji wangu, kuna swali linalonifuata tangu nianze kazi hii ya kuandika programu: kati ya Windows na Linux, seva ipi ni salama zaidi? Juzi nimeulizwa tena na mteja wangu, chama kidogo cha akiba na mikopo. Pesa za watu zimo ndani ya tarakilishi hizo, kwa hivyo huu si ushabiki wa Gor na Ingwe.

Tuanze na Windows Server. Nguvu yake ni kusimamia mashine nyingi kutoka mahali pamoja. Kwa Group Policy unaandika sheria mara moja, kwa mfano urefu wa nywila au nani aingie wapi, nazo zinafika kila mashine ya ofisi. Kwa ofisi yenye fundi mmoja, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mvamizi akiipata akaunti ya msimamizi mkuu, naye atazitawala mashine zote vivyo hivyo.

Upande wa Linux, Red Hat huja na SELinux, iliyoanzia NSA, shirika la ujasusi la Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka wa 2000. Kila programu na kila faili hupewa lebo. Seva ya tovuti ikitekwa, haiwezi kuchungulia faili zenye lebo isiyoihusu. Ni kinga kali, ila kuielewa ni kazi. Nimeingia kwenye seva kadhaa nikakuta imezimwa: siku moja programu fulani iligoma, fundi akaandika setenforce 0, akaenda zake nyumbani. Ubuntu hutumia AppArmor, inayofuata mahali faili ilipo badala ya lebo. Haibani kwa undani kama SELinux, lakini sheria zake zinasomeka, na mimi ni nadra kuikuta imezimwa.

OpenBSD nayo huja na huduma nyingi zikiwa zimefungwa tangu mwanzo. Ukuta wake wa moto, PF, uliotoka mwaka wa 2001, una sheria fupi zinazoeleweka hata na mgeni. Shida yake ni kwamba mafundi wanaoijua ni wachache, na programu za uhasibu za mteja wangu haziendeshwi humo.

Sasa tazama yaliyotokea. Mei 2017 WannaCry ilifunga faili za mashine za Windows katika nchi nyingi na kudai fidia, ilhali Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi. Machi 2024, Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya Linux, kwa sababu tu kuingia kwa ssh kulichelewa takriban nusu sekunde. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Hapo hapakuwa na mvamizi. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeangusha nyumba.

Ndiyo maana silinganishi tena kwa kuhesabu vipengele. Nauliza: je, fundi aliye zamu anaielewa kinga hii kiasi cha kutoizima ikimsumbua? Na ni nani anayeweka viraka? Mteja wangu nimemshauri abaki na Windows kwa hesabu, kwa kuwa fundi wake anaijua, na tovuti iwe Ubuntu. Sasisho lijaribiwe kwanza kwenye mashine moja. Akaunti ya msimamizi mkuu isitumiwe kusoma barua pepe.

Nawe ukiwa na seva ya Red Hat, andika getenforce. Ikijibu Enforcing, vyema. Ikijibu Permissive au Disabled, tafuta aliyeilegeza, umuulize ni programu gani iliyomsumbua. Rekebisha hiyo programu, kisha urudishe kinga.