Kupokewa Chuoni Si Kulipiwa

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yupo kijana, au mtu mzima kama mimi, aliyekwisha kupata shahada ya pili na sasa anazungumzia udaktari. Si udaktari wa sindano. Ni ule wa vitabu, uitwao shahada ya uzamivu, naye anataka kuusomea katika historia, lugha, fasihi au sanaa. Ikiwa unaye mtu wa namna hiyo, naomba unisikilize, maana nusura nyumba ya mama yangu iuzwe kwa sababu ya barua moja ambayo sikuisoma hadi mwisho.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Nilizaliwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, katika nyumba ya vyumba sita ambayo marehemu baba aliijenga kwa ujira wa kazi ya bandarini. Leo imezungukwa na maghorofa pande tatu, na vyumba viwili vya mbele vimegeuzwa fremu za maduka. Kodi ya fremu hizo ndiyo dawa ya mama na ndiyo sare za wajukuu.

Siku ilipofika barua ya chuo kimoja cha ng'ambo, kusema kwamba nimekubaliwa kusoma, mama alipiga kigelegele hadi wapangaji wakatoka nje. Jioni tulikula pilau pamoja na majirani. Hakuna aliyeuliza nani atalipa, kwani sote, na mimi nikiwamo, tulidhani kwamba aliyekualika ndiye atakayekulisha. Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, nikafunua ukurasa wa pili. Hapo palielezwa ada ya kila mwaka kwa miaka mitatu, nauli yangu mwenyewe, na fedha za kujikimu ambazo ilinilazimu kuthibitisha kuwa ninazo benki. Nilipozigeuza kuwa shilingi, niliona kwamba mshahara wangu wa mwaka mzima usingetosha hata ada ya muhula mmoja.

Badala ya kuona haya, tamaa ilinishauri vingine. Niliwaita ndugu zangu nikapendekeza nyumba iuzwe, nami nichukue fungu langu. Kaka alikubali upesi, dada akalia. Kesho yake dalali alikuwa kibarazani, akiipima nyumba kwa macho. Mama hakugomba. Aliniuliza tu, "Baba, unakwenda kusomea nini huko?" Nikamjibu kwamba nakwenda kusomea habari za wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale ambao kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilicholipa eneo letu jina baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Mama akanitazama. "Mambo ya Kariakoo ndiyo unayokwenda kuyasoma Ulaya?"

Sikuwa na jibu. Tarehe ya mwisho ya kulipa ikapita, na dalali akachoka kuja.

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza upya, na nililojifunza la kwanza ni hili: kupokewa chuoni ni mlango mmoja, na kupata ufadhili ni mlango mwingine. Aghalabu kila mlango una fomu zake, tarehe zake na watu wake. Iko skolashipu ya Jumuiya ya Madola, ambayo mpango wake ulianzishwa mwaka 1959; iko ya Fulbright ya Marekani; iko ya DAAD ya Wajerumani, ambayo imewagharamia pia watu wanaosoma uzamivu papa hapa Afrika. Liko Baraza la CODESRIA lenye makao yake Dakar, Senegali, ambalo kwa miaka mingi limetoa ruzuku ndogo za kuwasaidia wanafunzi wa vyuo vya Afrika kukamilisha tasnifu zao. Anayetaka huuliza mapema, mwaka mzima kabla, maana hapana budi atafute msimamizi, wadhamini wa kitaaluma wa kumwandikia barua, na vyeti vyake vyote. Na mtu yeyote anayekutaka utume fedha kwa simu ili "akufungulie" ufadhili, huyo ni mwizi, hata akiwa na mhuri.

La pili lilinigharimu zaidi. Niliomba ufadhili mara mbili, nikakataliwa mara mbili. Mara ya kwanza nililaumu upendeleo. Mara ya pili niliyatoa maandiko yangu yote mawili nikayasoma kama yameandikwa na mtu nisiyemjua. La haula! Yalikuwa yamejaa majina ya wanazuoni na maneno mazito, lakini hapakuwa na sentensi hata moja inayojibu swali la mama yangu. Kwa nini jambo hili, na kwa nini huko? Wafadhili nao huuliza hivyo hivyo. Jumuiya ya Madola, kwa mfano, imekuwa ikimtaka mwombaji aeleze masomo yake yatasaidiaje maendeleo ya nchi yake. Mhandisi hulijibu hilo kwa daraja na daktari kwa chanjo. Sisi wa historia na fasihi hatuna budi kulijibu kwa hoja.

Basi nikaanza kutafuta jibu kwa dhati. Nikaenda Nyaraka za Taifa, Upanga, ambako yamehifadhiwa majalada ya enzi za Wajerumani na Waingereza. Majalada mengine yapo Kew, London, na mengine Berlin. Lakini wapagazi wenyewe, ambao maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi, hawakuandika majalada. Habari zao zimebaki kwa watoto na wajukuu, katika majina, nyimbo na masimulizi ya vijijini. Nilipoyapanga hayo nikagundua kwamba miezi michache ya ng'ambo ingenitosha. Kazi iliyobaki ilikuwa nyumbani.

Na nyumbani hakuna upungufu wa mfano. Kweli, Euphrase Kezilahabi alipata udaktari wake Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Lakini Penina Mlama aliupata wake Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1983, akiandika juu ya sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru. Chuo hicho chenyewe kilianzia jirani yetu, Mtaa wa Lumumba, Oktoba 1961, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Ukitoka nyumbani kwa mama, unafika pale kwa miguu kabla jasho halijakutoka.

Ombi langu la tatu nimelipeleka. Safari hii nimeomba kusoma Mlimani na kugharamiwa kwa masomo, kwa safari za vijijini, na kwa miezi minne ya kusoma majalada ya ng'ambo. Kabla ya kulipeleka nilimsomea mama ukurasa wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa nimeelewa." Kisha akanitajia jina la mzee mmoja, jirani yetu wa zamani, ambaye babu yake alibeba mizigo ya vita. Miaka yote ile ya maandiko yangu mazito, sikuwahi kumwuliza.

Majibu hayajaja. Huenda nikakataliwa tena, sitakuficha, naogopa. Lakini nyumba ipo, mama yupo kibarazani, na fremu zinalipa kodi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtoto wako akija mbio na barua ya chuo mkononi, mpigie kigelegele, maana ameistahili. Kisha, kabla hujaweka sufuria ya pilau jikoni, mwombe akusomee ukurasa wa pili kwa sauti.