Ya Nchi za Baridi

Neno "kuchemsha" lina kazi mbili hapa kwetu. Gari likipandisha joto mpaka mvuke ukatoka chini ya boneti, tunasema limechemsha. Mtu akiharibu usaili au hotuba, naye tunasema kachemsha. Aibu ni ileile: kusimama pembeni ya barabara, boneti juu, kila anayepita anakutazama.

Nadhani aibu hiyo ndiyo iliyozaa sheria ambayo nimeisikia tangu utoto: ukinunua gari, cha kwanza toa themostati. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja kutoka gereji za Dar hadi Mwanza: "Hiyo kitu ni ya nchi za baridi."

Kama hujawahi kuiona, themostati ni kidude kinachokaa kiganjani, kama kifuniko cha chupa kilichofungwa springi. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa bado ya baridi, mlango wa kidude umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu hayaendi kwenye rejeta. Joto likipanda, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma mlango, maji yanapata njia ya kwenda kupoa. Kwenye Toyota IST ninayoendesha, mlango huanza kufunguka joto likifika kati ya nyuzi 80 na 84. Hakuna umeme, hakuna kompyuta. Ni nta tu inayojua wakati wake.

Na hata historia yake haikuanzia kwenye magari wala kwenye theluji. Katika karne ya 17, Mholanzi Cornelis Drebbel alitengeneza tanuri la kuangulia vifaranga lililojirekebisha joto lenyewe kwa kutumia zebaki. Kazi ilikuwa kulinda mayai: yasipoe, yasiive. Injini nayo inataka hivyohivyo. Siku ya Oktoba yenye jua kali, hewa ya Dodoma haifiki hata nusu ya joto ambalo injini inalihitaji ili ifanye kazi vizuri. Kwa injini, sisi sote tunaishi nchi za baridi.

IST hii ilikuwa ya baba. Baba ni dereva mstaafu wa malori, miaka mingi njia ya Dodoma–Iringa, kabla haijawekewa lami. Macho yalipoanza kumsaliti alinipa funguo bila maneno mengi, na mimi nikazipokea hivyohivyo. Julai ilipofika, upepo wa Mkonze ukaanza kazi yake ya kila mwaka, nikaona jambo: natoka nyumbani asubuhi, nafika mjini, taa ya bluu ya injini baridi bado inawaka. Petroli nayo ilikuwa inakwenda kuliko umbali. Injini ikihisi baridi huongezewa mafuta, na petroli isiyoungua vizuri inaishia kuharibu oili. Nikajua themostati haimo, na nikajua nani aliitoa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kazini kwangu dai lenye chanzo kimoja halichapwi. Lakini chanzo hiki kilinilipia ada hadi chuo kikuu kwa kuendesha malori ambayo hayakuwahi kumwacha njiani. Kurudisha kile kidude ilikuwa kama kumwambia, mbele ya majirani, kwamba katika jambo moja alilokuwa bingwa alikosea.

Nilinunua themostati na gasketi yake mjini kwa Sh25,000. Jumamosi, kabla ya kuifunga, niliijaribu jikoni. Unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, unatazama. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, lakini hizo zinatosha. Kabla mapovu makubwa hayajaanza, mlango ukafunguka taratibu.

"Leo tunakula vyuma?" mama akauliza.

Nje, baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini. Jirani yetu, mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi, alipita, akasema "Mbukwenyi," akaitikiwa, kisha akatazama spana mkononi mwangu. "Binti yako anakwenda kuiua hiyo gari," alimwambia baba. Baba hakujibu. Alisogeza kigoda karibu.

Injini ilikuwa imepoa tangu usiku, kwa hiyo hapakuwa na hatari ya kuungua. Niliweka beseni chini, nikamwaga maji ya rejeta, nikafungua nati mbili za namba 10 kwenye mdomo wa paipu. Maji yalitoka rangi ya chai, na ndani ya ule mdomo kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama wa birika. Mahali pa themostati palikuwa patupu.

"Kwangua, nipe nishike," baba akasema.

Nikampa kipande. Akakisugua kati ya vidole.

"Chumvi. Hii ndiyo iliyokuwa inatumaliza. Njiani tulijaza maji yoyote, ya kisima, ya dimbwi. Ukoko ukiingia kwenye themostati, inakwama imefungwa. Gari inachemsha katikati ya pori, usiku, na mzigo wa watu. Tuliitoa kwa sababu ya maji, mwanangu. Sio kwa sababu ya joto."

"Sasa hii ya nchi za baridi ilitoka wapi, baba?"

Akacheka, akamtazama jirani, naye akaanza kucheka. "Hiyo ni ya mafundi. Mteja ukimweleza habari za chumvi, utamaliza siku. Ukimwambia ni ya nchi za baridi, anaelewa palepale."

Nimeandika vichwa vya habari kwa miaka kadhaa na najua hasa kilichotokea hapo. Sababu ilikuwa ndefu, ikafupishwa ili ipite. Kisha kifupisho kikasafiri peke yake, kikafika kwa watu wasiojaza maji ya dimbwi, wanaoendesha magari ambayo baadhi ya injini zake hupoa vibaya zaidi themostati ikitolewa, kwa sababu sehemu ya maji hupita pembeni bila kufika kwenye rejeta. Tunaita hali hiyo ujinga wa mafundi. Mimi pia nilikuwa tayari kuiita hivyo. Kumbe mwanzoni lilikuwa jibu sahihi la swali ambalo limesahaulika.

Tulisafisha mfumo mpaka maji yakatoka meupe. Wakati wa kufunga, baba alinyoosha mkono, nikampa themostati. Aliipapasa kwa kidole gumba mpaka akapata kile kitundu chenye kipini kinacholegea. "Hiki kikae juu, hewa ipate pa kutokea." Aliyezing'oa nyingi alijua pia namna ya kuzifunga.

Tukajaza kulanti, sio maji ya bomba, kisha nikawasha injini, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi ili hewa itoke. Taa ya bluu ilizimika baada ya dakika chache. Baba alikuwa ameshika paipu ya chini, amenyamaza, uso ameuelekeza kando kama anayesikiliza redio.

"Imefunguka," akasema.

Jioni nilibandika karatasi chini ya boneti kwa ajili ya fundi yeyote atakayekuja baadaye: MAJI YA BOMBA MARUFUKU. Nikamsomea baba. Akafikiri kidogo, akaniambia niongeze, "Kwa sababu ya chumvi."