Ati mimi ningekimbia!

Najua nimepotea, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo, ila bumu limekata tangu wiki iliyopita na wali maharage tunahesabiana vijiko. Kilichonipoteza ni kitabu. Leo nawasimulia kitabu hicho, halafu nawaambia jambo ambalo sikulisema kwenye semina.

Kinaitwa Kindred, kilitoka mwaka 1979. Kaandika Octavia Butler, Mmarekani mweusi wa California aliyezaliwa 1947 na kufariki 2006. Nakala ilikuwa moja tu, ya mhadhiri, tukaitoa fotokopi kundi zima. Kurasa nyingine zimekatwa pembeni, inabidi mwisho wa sentensi uubunie mwenyewe!

Stori yenyewe ni hivi. Dana ni dada mweusi, mwandishi, yupo California mwaka 1976. Siku anayotimiza miaka 26 anapanga vitabu kwenye nyumba mpya na mumewe Kevin, ambaye ni mzungu. Mara kizunguzungu. Akifumbua macho yuko kando ya mto, mtoto wa kizungu anazama, anaingia kumwokoa. Kumbe pale ni Maryland, mwaka 1815, na mtoto yule, Rufus, ni mwana wa mwenye shamba la watumwa. Hakuna mashine wala uchawi unaoelezwa. Kila Rufus akikaribia kufa, Dana anavutwa kwenda kumwokoa. Kila Dana akiamini kwamba sasa anakufa yeye, anarudi kwake.

Halafu kuna kitanzi. Rufus ni babu yake Dana wa zamani. Atazaa mtoto anayeitwa Hagar na mwanamke mweusi, Alice. Alice alizaliwa huru, akafanywa mtumwa baada ya kukamatwa akitoroka na mumewe. Rufus akifa kabla Hagar hajazaliwa, ukoo wa Dana haupo. Kwa hiyo Dana anamlinda mtu ambaye kila akizidi kukua anazidi kuwa kama baba yake. Ikafika siku Rufus akamtuma Dana akamshawishi Alice aje chumbani kwake kwa hiari, la sivyo atachapwa na ataletwa tu. Na Dana akaenda kuupeleka ujumbe.

Swali la semina lilikuwa: je, Dana alishiriki katika utumwa? Mimi huyo nikasimama. Nikasema Dana ni msomi, anatoka 1976, historia yote anaijua, lakini anapika, anafagia, anatumwa na kutumika. Nikamaliza kwa mbwembwe: "Mimi ningekimbia siku ya kwanza!" Watu wakapiga makofi. Mhadhiri akasubiri makofi yaishe, akasema taratibu, "Alikimbia. Bado hujafika huko?"

Kwi kwi kwi! Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Kweli sikuwa nimefika. Nilisoma nusu, nusu nyingine nilidesa kwa mwenzangu wa chumba.

Jioni nikakaa kimbwetani nikasoma mpaka giza likaniondoa. Ni kweli alikimbia. Aligundua kwamba barua alizomwandikia Kevin, aliyekuwa amebaki huko nyuma bila yeye, Rufus hakuzituma. Akatoka usiku. Mtumwa mwenzake akamchoma, akakamatwa baada ya muda mfupi, akachapwa vibaya. Msomi wa 1976, mwenye kujua ramani na historia, hakufika popote. Makofi yangu yote yakaniishia pale pale.

Kuna mpishi pia, Sarah. Mwanzoni Dana anamdharau kidogo kwa kuwa mtulivu mno jikoni kwa mabwana. Kumbe wanawe watatu waliuzwa, na pesa ikanunua samani za bibi wa nyumba. Amebaki na binti mmoja, Carrie, asiyeweza kusema. Wanamshika mama kwa binti huyo. Hapo nikamkumbuka Kijakazi wa Kasri ya Mwinyi Fuad, kitabu cha Adam Shafi kilichotoka 1978, mwaka mmoja tu kabla ya hiki. Sekondari tulimcheka yule mama jinsi anavyomtumikia Fuad, tukamwita mjinga. Hakuna aliyetuuliza angekwenda wapi.

Lakini kilichonichoma zaidi, kama mtu anayesomea ualimu, ni Nigel. Dana anamfundisha kijana huyo kusoma kwa siri jikoni. Baba yake Rufus anawafuma, Dana anachapwa mijeledi. Nikadhani mwandishi katia chumvi. Wapi! Frederick Douglass alizaliwa utumwani pande hizo hizo za mashariki ya Maryland mwaka 1818, na kwenye kitabu chake cha 1845 anaeleza jinsi bibi wa nyumba alivyoanza kumfundisha herufi, mume akapiga marufuku kwa sababu mtumwa akijua kusoma hatawaliki tena. Kwa hiyo mwalimu ni mtu wa kuogopwa. Nilijisikia fahari kweli. Nikasema mimi ni wa upande wa Dana.

Ukurasa mwingine ukanivua fahari hiyo. Dana na Kevin wanawakuta watoto wa watumwa wanacheza. Mmoja kapanda juu ya kisiki, mwingine anamnadi, wanabishana bei. Wanacheza mnada! Kevin anaona ni mchezo tu wa watoto. Dana anaona jinsi binadamu anavyozoea.

Sasa niwaambie ambalo sikulisema.

Kwenye BTP nilipangiwa shule moja, jina naliacha. Nilikwenda na kiapo changu: sichapi mtoto. Kanuni za mwaka 2002 tulishafundishwa, kwamba kuchapa ni kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viboko visizidi 4. Mimi hakuna aliyeniandikia chochote. Wiki ya kwanza sikushika fimbo, darasa likanipigia kelele, walimu wenzangu wakanicheka ofisini. Wiki ya pili mwalimu mmoja akaniwekea fimbo mezani, akasema, "Madam, bila hii hawatakusikia." Wiki ya tatu nilichapa watoto 11 waliokosa zoezi la sarufi. Wa mwisho alikuwa binti mdogo, akanyoosha mkono kabla sijamwita. Hakulia. Akasema, "Asante, Madam," akaenda kukaa.

Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna mtu angeniuza wala kunichapa. Nilichoogopa ni alama, na kuonekana mwalimu dhaifu. Sisemi shule ni shamba la watumwa, Sarah angenishangaa. Nasema Dana alizoea kwa mijeledi na maisha ya watu, mimi nilizoea kwa wiki 3 na kicheko cha ofisini. Halafu nikasimama semina nikamlaumu yeye!

Jumapili nilikuwa kwa shangazi. Watoto wake na wa jirani walikuwa uwanjani wanacheza shule. Mnajua aliyekuwa mwalimu tulimjuaje? Ndiye aliyeshika kijiti. Hana kitabu, hana chaki, ana kijiti tu. Shangazi akacheka, akasema huyu atakuwa kama wewe.

Kitabu kinaanza kwa Dana kutuambia kwamba safari ya mwisho ilimpotezea mkono, wa kushoto. Ulibaki ukutani, pale Rufus alipokuwa ameushikilia. Wengi semina waliona mwandishi kazidisha. Mimi sioni tena hivyo. Mkono wangu ulioshika fimbo upo mzima, ndio nilioutumia kuandika insha ya kumhukumu Dana. Insha nimeichana, naandika nyingine. Sapu ikija, ije.

BTP ya pili haiko mbali. Sitasema tena "mimi ningekimbia". Ila wale wenzangu ambao najua mlimaliza fildi bila kushika fimbo, na mlichekwa, naomba tukutane kimbwetani mnieleze wiki ya pili mliipitaje. Soda nitanunua bumu likitoka.