Gia ya Kupandia Ndiyo ya Kushukia

Utotoni mwangu hakuna aliyesema gari hili ni la manyuo, yaani la gia za mkono. Gari lilikuwa gari: klachi, breki na mafuta, pedeli tatu kwa miguu miwili. Manyuo tulianza kuyataja miaka ya 1990, mitumba ya Japani ilipomiminika Dar es Salaam na ndani yake zimo "oto", zile za kukanyaga na kuondoka.

Kabla ya hapo tulitaja alichofanya dereva. Mjomba wangu aliendesha Leyland la mizigo kati ya Dar es Salaam na Iringa, na likizo za shule nilisafiri naye, nimebanwa kati yake na utingo, goti langu likikwepa gia kila alipoivuta namba mbili. Gia ikilia krrr, dereva kaikwangua. Kupandisha namba ni kupanga, kuzishusha ni kupangua. Betri ikifa, watu wanasukuma, dereva anatia namba mbili na kuachia klachi ghafla: hapo gari linashtuliwa. Kusimama mlimani na kuondoka bila kurudi nyuma ni kubalansi, na vyuo vya udereva vimewaliza wengi kwa hilo.

Kazi yenyewe niliiona kwenye mlima Kitonga, njiani kwenda Iringa. Ukishapita Ruaha Mbuyuni, mbele yako barabara inapinda huku inapanda, upande huu mwamba, upande ule korongo. Mazungumzo yalikatika. Utingo alikaa mlangoni, gogo la kukingia tairi liko tayari. Mjomba hakungoja injini ianze kutetemeka. Klachi chini, gia frii, klachi juu. Mafuta kidogo injini ivume. Klachi chini tena, ndipo namba ndogo ikaingia bila kelele. Gia za gari lile hazikujisawazisha zenyewe kama za sasa. Ilibidi dereva ausikilize mvumo wa injini, ajue umelingana na mwendo wa magurudumu, ndipo aingize.

Siku ya kurudi na shehena ya vitunguu, tulishuka polepole kuliko nilivyotaka, injini ikiunguruma.

"Mjomba, si tunateremka? Mbona hukimbii?"

"Breki ni ya kusimamia, mjomba. Ya kushukia ni gia."

Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia: hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya madereva wa njia ile. Injini ndiyo inayolizuia gari, breki zinapumzika. Anayepiga frii ili aokoe mafuta anaziachia breki mzigo wote. Zikichemka, pedeli inazama na gari haliitikii.

Lugha ya gia haikubaki barabarani. Mwaka 2015, chama cha upinzani Chadema kilipompokea Edward Lowassa kutoka chama tawala CCM na kumsimamisha kugombea urais, nchi nzima ilizungumzia "kubadili gia angani", yaani kugeuza uamuzi katikati ya safari, hata watu ambao hawajawahi kushika usukani.

Siku hizi nami naendesha oto. Vijana wananiambia hakuna cha kufanya, weka D ukanyage. Kitonga nimeshuka nyuma ya magari yanayowasha taa za breki toka juu mpaka chini, harufu ya moto ikinifikia dirishani. Mimi navuta L, namba ndogo ya oto. Injini inapiga kelele, abiria wananuna wakidhani gari limeharibika, nami nawajibu kwamba klachi ndiyo iliyoondoka, mlima bado upo.