Miombo ya Tabora: Kimya Kingi Kina Mshindo

Msafiri apitaye katika misitu ya miombo mkoani Tabora mwezi wa Agosti aweza kudhani kuwa nchi imekufa. Miti mingi imepukutisha majani, nyasi zimekauka, na ardhi imekuwa ngumu kama tofali. Hata wadudu ni nadra kuonekana.

Lakini kimya kingi kina mshindo. Chini ya magome, ndani ya magogo na udongoni wamejificha mbawakawa, yaani wadudu wenye mabawa ya juu magumu kama gamba, ambao wengi wetu huwaita dundu. Aina zaidi ya 350,000 zimekwisha kutambuliwa duniani. Wengi wao hupitisha kiangazi wakiwa mabuu.

Wanachongoja ni mvua. Tabora ina msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili. Miti hutangulia kuchipua majani mekundu; kisha matone ya kwanza yalainishapo udongo, dundu hutoka makundi kwa makundi, wa kila umbo na rangi. Usiku huzivamia taa za vibarazani. Vimulimuli, ambao nao ni mbawakawa, humetameta gizani. Dundu wa kinyesi huviringisha samadi na kuizika ingali mbichi. Hivyo huurutubisha udongo na kuwapunguzia nzi mahali pa kuzalia. Mvua ikatikapo, wengi hutoweka, wakiwa wamekwisha kuacha mayai na mabuu ya msimu ujao.

Si wote walio na heri kwetu. Dumuzi, mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, alitambuliwa Tabora mwaka 1981, na wakulima wakambandika jina la “Scania”. Huyu huyasaga mahindi ghalani kuwa unga, na aweza pia kuishi katika miti mikavu ya msituni.

Hata hivyo, aina moja mbaya isitufanye tuwasahau wale wengi watufaao. Moto uwashwao mwishoni mwa kiangazi, wakati kila kitu kimekauka, huwa mkali kupita kiasi. Huteketeza magogo pamoja na mabuu yaliyomo. Shoka litafutalo kuni za kukaushia tumbaku nalo hupunguza makazi yao. Aupimaye msitu kwa ayaonayo Agosti amehesabu nusu tu ya mali yake. Ipo nusu nyingine, nayo hujitokeza Desemba, ikiwa tumeiachia mahali pa kulala.