Yai Linatangulia, Damu Inafuata

Mwanamke akitoka kujifungua, kuna swali moja linamfuata kila kona: "Umeshaona siku zako?" Mama mkwe anauliza, mawifi wanauliza, shoga yako wa ofisini naye anauliza. Ukijibu bado, wote wanashusha pumzi. Basi shosti, kula raha, mimba haiwezi kuingia!

Kina dada, na ninyi kina kaka mnaosoma hapa kwa kujificha, hilo si kweli. Mwili wa mwanamke unaachia yai kwanza, damu inakuja kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo yai la kwanza baada ya uzazi linaweza kupita kimya kimya kabla hujaona hata tone. Ukikutana na mzee siku hizo, unaweza kutoka mimba moja na kuingia nyingine bila hedhi katikati. Ndiyo maana utamsikia mtu anaapa, "Mimi nimeshika hii hata siku zangu sijaziona!" Watu wanadhani anatania.

Kwetu jambo hili lilikuwa zito. Mume wangu amepishana na kaka yake miezi kumi na minne tu, na kwake hiyo ndiyo raha ya familia: watoto wafuatane, wakue kama marafiki. Mimi nilijifungua kwa operesheni, na mshono bado ulikuwa unaniambia habari zake kila nikiinuka kitandani. Shirika la Afya Duniani linashauri mama asubiri angalau miezi 24 tangu ajifungue ndipo ashike mimba nyingine. Nilipomwambia mwenzangu, alicheka: "Miezi 24? Hicho si kifungo hicho?"

"Sijasema tusikutane," nikamjibu. "Nimesema tujue tunachofanya."

Wiki ya sita twende wote kliniki, hilo alikubali. Nesi wetu, mama mtu mzima asiye na haya, alitukalisha na kutuhesabia kwa vidole. Kunyonyesha kunazuia mimba pale tu mambo matatu yanapokuwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama tu, mchana na usiku, bila uji wala maji. Yote matatu yakisimama, hawafiki wawili katika wanawake mia wanaoshika mimba katika miezi hiyo. Likianguka moja, tafuta kinga nyingine siku hiyo hiyo. Na mama asiyenyonyesha kabisa anaweza kuachia yai tangu wiki ya nne, kwa hiyo hata ile arobaini ya bibi zetu haimtoshi.

Mwenzangu aliuliza kwa nini kunyonya kuzuie mimba. Nesi akamweleza kwamba mtoto akivuta titi mara kwa mara, ubongo wa mama unapunguza homoni zinazoamsha mayai. Mtoto akinyonya kwa kurukaruka, mayai yanaamka.

Sasa hapo ndipo kazi zetu za mjini zinapotubana. Sheria ya Tanzania inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mimi naishi Mbagala na ofisi iko Posta. Saa mbili zote zinaishia kwenye foleni. Nilikuwa nakamua maziwa chumba cha stoo, katikati ya mafaili, huku nimeegemea mlango usifunguke. Mtoto aliendelea kunywa maziwa yangu kwa kikombe, na nashukuru. Ila kukamua si sawa na mtoto kuvuta mwenyewe, na kinga inategemea asipitishe saa nne mchana au saa sita usiku bila titi. Mimi nilikuwa napitisha saa tisa. Kwa hiyo siku niliyorudi kazini, nilirudi nyumbani na pakiti ya kondomu.

We acha tu! Kondomu ndani ya ndoa? Mwenzangu aliitazama kama nimemletea barua ya talaka. Ilibidi tuongee hadi usiku wa manane. Nilimkumbusha kwamba hata wazee wetu walijua hatari ya kufululiza. Wakisema mtoto "amebemendwa", huwa wanatisha watu kwa mambo mengi yasiyo na ukweli, lakini ndani yake kuna hofu ya haki: mtoto anayenyang'anywa nafasi yake mapema anadhoofika, na mama naye vilevile.

Nikaanza daftari. Nataka niwape ukweli wake, maana wengi mnauliza. Programu za simu hazikunisaidia miezi hiyo, kwa sababu zinakisia kutokana na mizunguko iliyopita, na mimi sikuwa na mzunguko wowote. Kipimajoto nacho kilinichosha: joto la mwili hupanda kidogo baada ya yai kutoka, ila linataka uwe umelala vizuri kabla ya kupima. Nani mwenye kichanga analala vizuri?

Kilichobaki ni ute. Siku kavu niliandika kavu. Nikiona unyevu, niliandika. Ukiwa laini, wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, hapo yai liko njiani. Kwa anayenyonyesha unaweza kuja na kupotea bila yai lolote kutoka, kwa hiyo niliuhesabu kila mara kuwa ni taa nyekundu. Zipo pia zile shanga 32 za kuhesabia siku, zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Georgetown kule Marekani (si za kiunoni hizo, tulieni!). Lakini zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32, na baada ya uzazi unasubiri kwanza mizunguko mitatu irudi na itulie.

Damu yangu ilirudi mtoto akiwa na miezi mitano. Nikajua sharti la pili limeanguka. Mwezi uliofuata nikahesabu siku 28, 30, 35, hakuna kitu. Mizunguko ya mwanzo baada ya uzazi huwa haina adabu, hilo nesi alishatuambia, lakini kulijua ni kitu kimoja na kulala usingizi ni kingine. Siku ya 41 mwenzangu mwenyewe alipita duka la dawa akaleta kipimo. Ulitokea mstari mmoja. Niliposema "hamna", yeye ndiye aliyekaa chini kwanza. Akasema polepole, "Mke wangu, kumbe hata mimi sikuwa tayari." Tangu siku hiyo maneno ya kifungo yaliisha, na daftari lilikuwa na miandiko miwili.

Baadaye tulichagua kitanzi cha shaba. Hakina homoni, mayai yanaendelea kutoka kama kawaida, na niliweza kuendelea kuujua mwili wangu. Wengine watachagua kijiti au vidonge vya kunyonyeshea. Kaa na mtaalamu, na usikae peke yako. Mimba haiingii kwa mtu mmoja.

Leo binti yetu ana miaka mitatu na kitanzi kimetolewa kwa makubaliano ya wote wawili. Daftari ni lile lile, ila sasa tunalisoma kwa upande wa pili. Mbegu za mwanamume huishi hadi siku tano mwilini mwa mwanamke, yai lenyewe linaishi kama siku moja tu, kwa hiyo kila mzunguko una kama siku sita za bahati. Zamani siku hizo tulikuwa tunazikwepa. Siku hizi natuma meseji ofisini kwake: "Leo usichelewe." Na foleni ya Mbagala, kwa miujiza, haimchelewesshi.