MJI UNAOITWA KOVU

Msomaji wangu, kuna mji huko Ireland unaitwa Kovu. Sikutanii. Wenyewe wanauandika Cobh, lakini ukiwasikia wanavyoutamka utadhani wanazungumzia alama ya kidonda kwenye goti. Waingereza waliubatiza Queenstown mwaka 1849, Malkia Victoria alipopita hapo kutembea. Waayalandi walipoanza kujitawala, kwenye miaka ya mwanzo ya 1920, wakalirudisha la zamani kwa tahajia ya kwao. Ukijua yaliyopita bandarini hapo, unaona Kiswahili ndicho kimelipatia jina hilo maana yake.

Kufika si kazi. Unapanda treni mjini Cork, dakika ishirini na tano hivi umeshafika, reli inaambaa na maji mpaka karibu na gati. Juu ya kilima kuna kanisa kuu la Mtakatifu Colman, kubwa kupita kiasi kwa mji mdogo kama ule, na chini yake nyumba zimepangana kwenye mteremko, kila moja na rangi yake, kama karata mkononi mwa mchezaji. Watalii wanapiga picha, wanakula samaki na chipsi, wanaondoka zao. Lakini kuna kundi jingine linashuka na mafaili kwapani. Hao wengi ni Wamarekani, watu wazima, na wamekuja kutafuta kwao.

Na kwao ni hapa hapa. Kati ya 1848 na 1950 zaidi ya watu milioni 6 waliihama Ireland, na kama milioni 2.5 kati yao walipandia meli bandari hii. Pima mwenyewe: sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.1 tu katika Jamhuri yote ya Ireland. Waliotoka ni wengi kuliko waliopo!

Chanzo unakijua kama ulisoma historia shuleni bila kusinzia. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye mbatata, na masikini wa Ireland walikuwa wanakula mbatata asubuhi, mchana na jioni. Hadi 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na milioni nyingine na ushee wameshakimbia, huku nafaka na mifugo vikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Njaa ikaisha, lakini kuondoka hakukuisha. Mtoto mmoja akitangulia anatuma nauli ya mdogo wake, naye akifika anatuma ya anayemfuata, mpaka nyumba inabaki na wazee na mbwa.

Sisi tumekua tukisimuliwa na kaka zetu habari za wazamiaji, walivyokuwa wakijificha kwenye meli bandarini Dar, wakitokea Durban au Ugiriki kama Mungu akipenda. Mzamiaji anaondoka kimya kimya, hata mama yake hajui. Waayalandi walikuwa na lao. Usiku wa kuamkia safari walimwekea msafiri matanga. Matanga kabisa! Mtu ana afya yake, kakaa katikati ya watu, na wenzake wanakesha, fidla inapigwa, vinywaji vinazunguka, halafu alfajiri kilio. Walijua atakapovuka bahari hawatamwona tena, na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa.

Siku hizi kinachouza mjini Cobh ni Titanic. Ndiyo, meli ile ya kwenye sinema ilitia nanga nje ya bandari hii tarehe 11 Aprili 1912, ikachukua abiria 123, na hapakuwa na kituo kingine baada ya hapo. Walifikishwa huko na vyombo viwili vidogo, kimoja kikiitwa Ireland na kingine America. Mimi hilo la majina lilinigusa kuliko meli yenyewe.

Sanamu iliyo gatini, hata hivyo, si ya Titanic. Ni ya binti anayeitwa Annie Moore akiwa na wadogo zake wawili wa kiume. Aliondoka hapa Desemba 1891 akiwa na miaka 17, na tarehe 1 Januari 1892 akawa mtu wa kwanza kupita kituo kipya cha wahamiaji cha Ellis Island, New York. Alipewa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Wazazi walikuwa wametangulia, wanawasubiri.

Sasa sikiliza kasheshe lake. Kwa miaka mingi Wamarekani waliamini kuwa Annie huyo alihamia Texas, akaolewa, na mwaka 1923 akagongwa na tramu akafa. Wajukuu wa yule mama wa Texas walialikwa kwenye sherehe, wakapigwa picha, wakaheshimiwa. Mwaka 2006 mtafiti wa koo Megan Smolenyak akafukua makaratasi na kukuta Annie wa Texas alizaliwa Illinois, humo humo Marekani. Annie wa kweli hakutoka New York. Aliishi mitaa ya masikini ya Manhattan, akazaa watoto wengi, baadhi wakamfia wangali wadogo, naye akafariki 1924 na kuzikwa kwenye kaburi lisilo hata na jiwe. Jiwe aliwekewa 2008. Jina lilikuwa lake, sifa zikaenda kwa mwingine.

Nayaeleza haya kwa sababu ya mama mmoja wa Boston.

Mimi nilikuwa Cork kwa binamu yangu ambaye ni muuguzi, na siku za zamu zake sikuwa na la kufanya. Huyo mama nilimkuta kwenye benchi karibu na sanamu ya Annie, mwalimu mstaafu, miaka sabini na kitu, faili la kijani mapajani. Akaniuliza kama najua kusoma ramani. Nikamjibu najua, mama. Basi ukawa urafiki. Kesho yake tulikuwa kwenye gari la kukodi tukielekea magharibi, kwenda mji wa Skibbereen, yeye anaendesha na mimi namwambia kata kushoto.

Aliyekuwa anamtafuta ni mama mzazi wa bibi yake, aliyeondoka Cobh miaka ya 1880 akiwa msichana. Si kwamba alikuwa anawinda pasipoti. Sheria ya Ireland inampa uraia mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa kule, na bibi wa huyu mama alizaliwa Boston. Hapati kitu. Alitaka tu kujua. Na tena yeye mwenyewe amerithi jina la huyo bibi mkubwa, la kwanza, ambalo kwa pande zile ni kama useme Asha Juma ukiwa Kariakoo. Waite, watageuka kumi.

Hapo ndipo wengi wanapotea njia. Waayalandi walirithishana majina kwa mpangilio: mtoto wa kwanza wa kiume anapewa la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti hivyo hivyo kwa mabibi. Kaka watano wakioa, unapata binamu watano wa jina moja kijiji kimoja. Halafu makaratasi yenyewe yamepukutika. Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Dublin, ghala la kumbukumbu za taifa liliteketea, na sensa za 1821 hadi 1851 zikaenda na moshi karibu zote. Za 1861 hadi 1891 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe. Nzima za zamani ni za 1901 na 1911, ambazo unazisoma bure kwenye intaneti.

Kwa hiyo wajanja hawaanzi na jina. Wanaanza na kitongoji. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine havizidi mashamba machache, na ukishakijua chako ndipo madaftari yanaanza kusema: ya ubatizo ya Wakatoliki, ambayo Maktaba ya Taifa iliyaweka kwenye intaneti mwaka 2015, na ya serikali ya vizazi na vifo, yaliyoanza kuandika watu wote mwaka 1864. Vikombe vyenye nembo ya ukoo wako vinavyouzwa madukani kwa watalii, waachie watalii.

Mama wa Boston alikuwa nacho kitongoji. Kiliandikwa kwenye jiwe la kaburi la huyo bibi mkubwa, huko huko Boston. Alikuwa pia na hati ya ndoa ya Marekani yenye majina ya wazazi wote wawili. Na alikuwa na nakala ya hati ya kuzaliwa ya 1864, jina sawa, baba sawa, mama sawa, kitongoji sawa. Ile nakala aliitia fremu zamani, iko ukutani sebuleni kwake. Kitu kimoja tu hakikukaa vizuri. Jiwe la Boston linasema alikufa 1931 akiwa na miaka 64, na ukipiga hesabu unapata 1867. Nyumbani walikuwa wanacheka: bibi naye alijipunguzia umri, kama wanawake wote.

Skibbereen kuna kituo cha historia wanachosaidia watu wa namna hiyo. Dada aliyetupokea aliipokea nakala, akaisoma bila haraka, akauliza swali moja. Je, daftari la vifo mmeliangalia?

Hatukuliangalia. Nani anatafuta kifo cha mtu aliyepanda meli?

Akabofya kompyuta yake, akageuza kioo upande wetu. Mwaka 1866, kitongoji kile kile, mtoto wa kike, jina lile lile, miaka 2. Kifaduro. Hakuonwa na daktari. Aliyeripoti ni baba yake, aliyekuwepo wakati mtoto anakata roho, na kwa kuwa hakujua kuandika, mahali pa sahihi pana alama ya X. Dada akarudi kwenye vizazi. Mwaka 1867 wazazi wale wale walipata binti mwingine, wakampa jina la marehemu. Ilikuwa desturi yao. Kwetu pia si kitu kigeni.

Basi huyo wa pili ndiye aliyekwenda Boston, ndiye aliyezaa, na umri wake hakuupunguza hata siku moja. Aliyeko kwenye fremu hajawahi kuiona bahari.

Yule mama hakulia. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa, akasoma tena ile X. Akanyoosha kidole karibu na kioo bila kukigusa.

Kabla ya kwenda kitongojini tulipita makaburi ya Abbeystrewry, nje kidogo ya mji, ambako wamelazwa watu kati ya 8,000 na 10,000 waliokufa kwa njaa, bila majeneza. Ukisimama pale unaona uwanja wa nyasi tu, umekatwa vizuri. Nilikuwa na njaa ya mchana, nikaona aibu kuitaja.

Kitongoji chenyewe usingekijua kama hujaambiwa. Ukuta wa mawe, ng'ombe, tope, mvua ya rasharasha isiyoisha. Alitoka mzee mmoja na buti za mpira, akatukaribisha chai kabla hajauliza shida yetu, kitu kilichonifanya nijisikie niko kwetu. Mama akamtajia jina la ukoo. Mzee akatabasamu.

"Ndiyo, lakini wepi hao?"

Kumbe jina moja lina nyumba chungu nzima, na kila nyumba ina lakabu yake. Wako wa mhunzi, wako wa mlimani, wako wekundu kwa ajili ya nywele. Lakabu haziandikwi kwenye daftari lolote. Mzee alizitaja moja moja, akimtazama mama usoni kila anapotaja moja, kama anayejaribu funguo kwenye kufuli. Hakuna iliyofungua. Mwishowe akasema nyumba itakuwa ama pale penye miti ama kule chini, na kote kuwili sasa ni mawe yaliyoanguka. Hakutaka kumdanganya mgeni, na nilimheshimu kwa hilo. Ni rahisi sana kumwonyesha Mmarekani ukuta wowote akafurahi.

Wengine bahati huwaangukia. Nenda Moneygall, kijiji kidogo kando ya barabara kuu ya Dublin kwenda Limerick. Mwaka 1850 kijana wa miaka 19, mtoto wa fundi viatu, aliondoka hapo kwenda Marekani. Aliitwa Falmouth Kearney. Jina la kitukuu wa mjukuu wake ni Barack Obama, ndiyo, huyo huyo wa Siaya kwa upande wa baba. Alikuja Mei 2011 akiwa Rais, akanywa bia kijijini, na tangu 2014 kuna kituo cha mafuta na mikahawa kinachoitwa kwa jina lake. Kilichomuunganisha na pale ni madaftari ya kanisa yaliyokuwa yamekaa miaka yote yakisubiri mtu wa kuyafungua.

Huyu wetu hakutaka kituo cha mafuta. Aliuliza swali moja tu: watoto wadogo walizikwa wapi? Mzee akavaa kofia, akatutangulia mpaka kwenye makaburi ya zamani ya parokia. Matajiri wana misalaba mirefu yenye maandishi. Pembezoni, kwenye nyasi ndefu, kuna mawe ya kawaida yaliyosimikwa ardhini, hayana herufi hata moja, mengine hayafiki gotini. Mama akapita katikati yao polepole, ananyanyua miguu kama anayeogopa kumkanyaga mtu.

Kwenye gari akampigia simu mdogo wake Boston, ambaye ndiye aliyeachiwa funguo za nyumba. Akamweleza yote, mpaka kifaduro, mpaka X. Nadhani yule mdogo aliuliza aitoe ile fremu ukutani, maana mama alijibu kwa haraka, sauti ya mwalimu ile ile.

"Usiiguse. Tafuta fremu ya pili, za saizi moja."

Halafu akawasha gari, akaniuliza kama ni kushoto au kulia.